Uvumi Ulifika Kabla ya Daktari

Juma hili naomba tuanze na chumvi, kitu kilichomo katika kila jiko na ambacho hakuna anayekiogopa.

Mwanzoni mwa Agosti 2014 nchi ya Nigeria ilikuwa katika wasiwasi mkubwa. Tarehe 20 Julai mwaka huo msafiri mmoja kutoka Liberia aliteremka katika uwanja wa ndege wa Lagos akiwa mgonjwa, na siku chache baadaye akafariki. Ugonjwa wake ulikuwa Ebola. Basi usiku mmoja simu za watu zikaanza kulia. Ujumbe ulikuwa mfupi: kabla jua halijachomoza, oga maji ya chumvi na mengine uyanywe, na Ebola haitakugusa. Aliyeupata aliwaamsha waliolala, kisha akaupeleka kwa ndugu na jamaa walioko miji mingine. Kulipopambazuka, hospitali zilianza kupokea wagonjwa wa aina mpya, wagonjwa wa chumvi. Magazeti ya huko yaliripoti kwamba katika mji wa Jos watu 2 walikufa na wengine wapatao 20 walilazwa. Na Jos yenyewe haikuwa na mgonjwa hata mmoja wa Ebola. Katika Nigeria nzima, hadi ulipotangazwa kuwa umekwisha mwezi wa Oktoba, ugonjwa ule uliwapata watu 20 na kuwaua 8.

Sasa tuseme waliotuma ujumbe ule walikuwa wauaji? La hasha. Wengi wao waliutuma kwa mapenzi. Mtu anayekuamsha saa tisa za usiku ili akuokoe ni mtu anayekujali, na hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili.

Ningeweza kuishia hapo, nikawaonya msiamini kila kinachoingia katika simu zenu, kisha nikawaaga. Lakini maonyo hayo mmeyasikia mara nyingi, na nadhani hayajatusaidia sana. Leo nataka twende mbali kidogo, tufike mashariki ya Kongo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Huko tutauliza swali ambalo waonyaji wengi hawaliulizi: kwa nini mtu mwenye akili timamu huiamini sauti iliyomo ndani ya simu, akamkataa daktari aliyesimama mbele yake?

Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Mangina, mji mdogo ulio karibu na Beni, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini. Ulikuwa mlipuko wa kumi wa Ebola katika nchi ile. Kutoka Mangina ugonjwa ulifika Beni, kutoka Beni ukateremka hadi Butembo, mji mkubwa wa wafanyabiashara hodari ambao bidhaa zao hupita Uganda na kufika hadi Dubai na China. Ulidumu karibu miaka miwili. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamekufa. Ni mlipuko mmoja tu wa Ebola uliowahi kuua zaidi ya huo, ule wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016.

Jambo la ajabu ni kwamba safari hii madaktari hawakwenda mikono mitupu. Walikuwa na chanjo, na chanjo yenyewe ilifanya kazi. Fedha zilikuwapo, magari yalikuwapo, wataalamu walitoka pembe zote za dunia. Kiongozi wa wanasayansi wa Kongo, Profesa Jean-Jacques Muyembe, alikuwa ameijua Ebola tangu siku ilipogunduliwa mwaka 1976. Kama vita vya maradhi vingeshindwa kwa silaha peke yake, Ebola ya Beni ingekwisha katika miezi michache.

Kwa nini basi haikwisha? Mwezi wa Septemba 2018, ugonjwa ukiwa bado mchanga, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mtu mmoja katika kila wanne alisema Ebola haipo. Theluthi moja ya waliohojiwa waliamini kuwa imebuniwa ili watu wachume fedha, na zaidi kidogo ya theluthi waliamini kuwa imebuniwa ili kulivuruga jimbo lao. Waliposailiwa juu ya viongozi wao, ni watu 32 tu katika kila 100 waliosema wanaamini kuwa viongozi wa mahali pao wanajali maslahi ya wananchi. Na walioamini uvumi, pamoja na wale wasiowaamini viongozi, ndio waliokuwa wagumu kukubali chanjo na kwenda hospitali.

Tuziangalie sasa njia ambazo maneno yalipita. Yalipita sokoni, kanisani, kisimani, na kwa madereva wa pikipiki wanaobeba abiria, kama yalivyopita siku zote. Lakini safari hii yalipita pia katika WhatsApp na Facebook, na hasa kwa ile njia ya kurekodi sauti na kuituma. Sauti ya simu ina nguvu ambayo karatasi haina. Haihitaji ujue kusoma. Inazungumza lugha ya nyumbani, Kinande au Kiswahili cha mtaani, ikiwa na kikohozi chake na kicheko chake. Na inakufikia kutoka kwa shemeji yako au mwanakwaya mwenzako, kwa hiyo husemi kwamba umeipata kwa mtu usiyemjua. Aliyeianzisha humjui, lakini aliyekuletea unamjua, na wewe unamwamini aliyekuletea.

Ilisemwa kwamba chanjo ndiyo inayoleta ugonjwa. Ilisemwa kwamba anayeingia katika kituo cha Ebola hatoki mzima, kwamba maiti hukatwa viungo vikauzwa, kwamba ndani ya majeneza yaliyofungwa hamna maiti. Ilisemwa pia kwamba chanjo ziko mbili, nzuri ya wakubwa na mbaya ya wanyonge. Uvumi huu wa mwisho ulipata nguvu kwa sababu ya utaratibu wenyewe. Chanjo ilitolewa kwanza kwa waliokutana na mgonjwa, kisha kwa waliokutana na hao. Kwa mtaalamu huo ni mpango wa busara, kuuzungushia ugonjwa ua. Lakini mtu wa mtaani aliona jirani amechanjwa na yeye amerukwa, wala hakuna aliyemweleza sababu kwa lugha anayoielewa.

Na hapa, ndugu zangu, Waswahili tusikilize kwa makini. Wataalamu wa lugha waliokwenda huko walikuta kwamba maelezo mengi yaliandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili sanifu ambacho si Kiswahili cha Beni wala cha Goma. Mama wa Beni akipewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili cha vitabu huona kwamba inazungumza na mtu mwingine. Jina la kazi yenyewe lilikuwa kikwazo. Kwa Kifaransa waliiita "riposte", neno la kujibu pigo kwa pigo. Jina hilo likaingia katika mazungumzo ya kila siku, na watu walipotazama wakaona kweli misafara ya magari ikipita na askari wenye bunduki wakiilinda. Unapomwendea mfiwa na bunduki, ukamwambia kuwa umekuja kumsaidia kuzika, je, akuelewe vipi?

Ili tuelewe ubaya wa bunduki hizo lazima tujue wale watu walikuwa wametoka wapi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake walikuwa wakichinjwa usiku kwa mapanga na mashoka. Mauaji mengi yalihesabiwa kuwa ya kundi la waasi la ADF, lenye asili ya Uganda. Miaka minne walilia, na waliona kuwa hakuna anayewasikia. Halafu Ebola ikaingia, na katika muda wa siku chache ndege zikatua, magari mapya yakajaa barabarani, nyumba za kupanga zikapanda bei. Wananchi wakauliza, na mimi siwezi kuwalaumu kwa kuuliza: mlikuwa wapi tulipokuwa tukichinjwa? Kwa nini maradhi haya, ambayo yanaweza kuvuka mpaka na kuwafikia ninyi, yawe na fedha nyingi namna hii, na yale yanayotuua sisi peke yetu yasiwe nazo? Surua peke yake, katika mlipuko ulioanza Kongo mwaka 2019, ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000 ilipofika Januari 2020, na wengi wao ni watoto. Magari ya surua hayakuonekana kwa wingi ule.

Kisha ikaja siasa. Nchi ilikuwa inangojea uchaguzi wa rais tarehe 30 Desemba 2018. Siku nne kabla, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura hadi mwezi wa Machi, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini rais angeapishwa Januari! Kwa maneno mengine kura zao zisingekuwa na kazi tena katika kumchagua rais. Na lile lilikuwa eneo linalojulikana kwa kuipinga Serikali. Wakati huohuo masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, na mikutano ya kampeni ilikuwa imefanyika. Ebola gani hii, watu wakauliza, inayoambukiza katika foleni ya kura tu?

Kesho yake waandamanaji wa Beni walivamia kituo kimoja cha kuwachunguzia wagonjwa, na waliokuwa wakichunguzwa wakakimbia. Siku ya uchaguzi yenyewe ilipofika, raia wa Beni walijipangia kura yao wenyewe, kura isiyohesabiwa na mtu, wakasimama kwenye foleni wakinawa mikono kabla ya kupiga. Nadhani hakuna picha inayoeleza zaidi ya hiyo. Watu wale walijua kunawa mikono, na elimu ya Ebola walikuwa nayo. Walichokuwa wamekikosa ni sababu ya kumwamini aliyewaletea elimu hiyo.

Tangazo lile la Tume lilifanya kazi ambayo sauti elfu moja za WhatsApp zisingeifanya. Mpaka siku ile, anayesema kwamba Ebola ni mbinu ya wanasiasa alikuwa anazusha. Baada ya siku ile alikuwa na ushahidi mkononi.

Matokeo yake yalikuwa mazito. Mwezi wa Februari 2019 vituo viwili vya matibabu, cha Katwa na cha Butembo, vilishambuliwa na kuchomwa moto ndani ya siku chache, na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likaondoa watu wake hapo. Tarehe 19 Aprili watu wenye silaha waliingia katika hospitali moja ya Butembo, katikati ya mkutano, wakampiga risasi Dakta Richard Mouzoko, raia wa Kamerun aliyekuwa amepelekwa na Shirika la Afya Duniani. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, huko Lwemba katika jimbo la Ituri, mtangazaji wa redio ya mtaa, Papy Mumbere Mahamba, aliuawa nyumbani kwake usiku. Kosa lake lilikuwa kuendesha kipindi cha kuwaeleza watu habari za Ebola. Sisi tunaozungumza katika redio jina hilo tusilisahau.

Lakini waliouawa kwa silaha ni wachache wakilinganishwa na waliokufa kimya. Mwezi wa Machi 2019 Madaktari Wasio na Mipaka walieleza kwamba zaidi ya asilimia 40 ya vifo vilikuwa vikitokea katika jamii, nje ya vituo vya matibabu. Maana yake ni hii: mtu anaumwa, anafichwa chumbani, anauguzwa na mama na dada wasiokuwa hata na glovu, anakufa, anaoshwa, anazikwa usiku. Mgonjwa wa Ebola huambukiza zaidi kadiri hali yake inavyozidi kuwa mbaya, na maiti yake ni hatari kuliko yeye alivyokuwa hai. Kwa hiyo kila aliyefichwa kwa mapenzi aliacha nyuma yake orodha ya wagonjwa wapya, na wa kwanza katika orodha hiyo ni yule aliyempenda zaidi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haitwambii kwa nini watu huficha. Wahenga haohao walisema pia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tukiziweka methali hizi mbili pamoja tutaanza kuielewa Beni.

Uvumi wa namna hii haukuanza na simu. Wazee wa pwani ya Afrika Mashariki wanakumbuka mumiani, watu waliosemwa kwamba huwinda binadamu usiku ili kuchukua damu yao. Katika Katanga ya wakati wa Wabelgiji waliogopwa batumbula, waliosemwa kwamba huwateka Waafrika kwa ajili ya Wazungu. Wasomi wa historia wameyachunguza masimulizi hayo, na hawakukuta damu iliyouzwa. Lakini walikuta utawala uliowakamata watu kwa nguvu, ukawapima kwa nguvu, ukawadunga sindano bila kuwaeleza. Katika kampeni za malale huko Kongo vijiji vizima vilipangwa mstari vikaguliwe shingo, na walioonekana wagonjwa wakapelekwa katika kambi za kutengwa. Basi masimulizi ya batumbula yalikuwa uongo juu ya jambo moja na ukweli juu ya jambo lingine.

Na Ebola yenyewe iliingia duniani kwa mlango gani? Mwaka 1976 katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo, wauguzi walikuwa wakitumia sindano tano kwa siku nzima, bila kuzichemsha ipasavyo baina ya mgonjwa mmoja na mwingine. Watu walikwenda kutibiwa malaria wakarudi na Ebola. Kati ya 318 waliougua walikufa 280, na wengi wa wafanyakazi wa hospitali walikuwamo. Hata katika Beni ya mwaka 2018 baadhi ya watoto waliambukizwa ndani ya zahanati walikopelekwa kwa ajili ya homa nyingine. Basi mama aliyesema kwamba ugonjwa uko hospitalini alikuwa amekosea kuhusu chanjo, lakini hakuwa mpumbavu.

Tuyaangalie pia yale yaliyosemwa juu ya fedha. Beni waliita "Ebola business", biashara ya Ebola, na wakubwa walikuwa wakiutaja usemi huo kama mfano wa uzushi wa wananchi. Machi 2020 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya miaka mitano kwa kufuja zaidi ya dola 400,000 za fedha za Ebola. Yeye alikana, lakini hukumu ilitoka. Ilisemwa pia kwamba baadhi ya wageni waliokuja kusaidia wanawataka wanawake kimwili kabla ya kuwapa kazi. Hilo nalo lilikuwa likisemwa mtaani. Septemba 2021 tume huru ilitoa ripoti iliyowataja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Mkuu wa shirika hilo aliomba radhi hadharani.

Sasa jiweke mahali pa mtu wa Beni. Katika simu yako mna sauti kumi. Saba ni za uongo, na tatu ni za kweli ambazo wakubwa wanazikana. Msemaji anakuja na kuzikanusha zote kumi kwa pumzi moja. Utamwaminije katika zile saba, ilhali unajua anakudanganya katika zile tatu?

Hilo ndilo neno langu la leo, na ningependa mlichukue mwende nalo nyumbani. Simu ni barabara tu. Huwezi kuizuia gari ya uongo kwa kuilaumu barabara, wakati gari ya ukweli umeiacha gereji au umeijaza shehena mbovu. Wakati wa maradhi watu humwamini yule waliyekuwa wakimwamini kabla ya maradhi, na uaminifu huo hauagizwi kwa ndege siku ya msiba.

Mtaniuliza kama kuna ushahidi kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti. Upo, na uko kilomita chache tu kutoka hapo. Juni 2019 familia moja ilivuka mpaka ikaingia wilaya ya Kasese, Uganda, ikiwa na Ebola. Wakonjo wa Kasese na Wanande wa Beni ni ndugu, lugha yao ni karibu moja, na simu zao hupeana salamu kila siku. Uvumi ulivuka mpaka kama watu walivyovuka. Lakini ugonjwa haukuenea humo. Sababu ni zaidi ya moja. Uganda haikuwa na vita kama vya Beni, na wafanyakazi wake wa afya wa mpakani walikuwa wamechanjwa mapema. Lakini pia wahudumu wa afya wa vijijini, watu wanaojulikana kwa majina na jirani zao, walikuwa wakizungumza habari hiyo miezi mingi kabla mgonjwa wa kwanza hajafika. Huko daktari alimtangulia uvumi.

Hata Beni na Butembo kwenyewe mambo yalianza kugeuka wakubwa walipojifunza kusikiliza. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika maneno ya watu kama walivyoyasema, yakiwamo ya matusi na ya shaka, na maneno hayo yakapelekwa kwa wapangaji wa kazi. Watu wakisema kwamba ndani ya vituo kunafanyika mambo ya siri, kukanusha peke yake hakufai. Vikaletwa vyumba vya plastiki angavu, mgonjwa akawa anaonekana na jamaa zake wakizungumza naye kutoka nje. Watu wakisema kwamba majeneza ni matupu, dawa yake ni kuwaacha jamaa washuhudie, na vijana wa mahali hapo wafundishwe kuzika kwa usalama wafu wao wenyewe.

Waliopona wakawa walimu kuliko walimu wote. Kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, wanawake waliopona waliwabeba na kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wodini. Mtu uliyesikia kwamba amekatwa viungo akitokea barabarani mzima, amebeba mtoto, hakuna sauti ya simu itakayomshinda.

Na matibabu nayo yakajibu. Agosti 2019 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya dawa yaliyofanyika huko, na Profesa Muyembe akiwa mmoja wa viongozi wake. Dawa mbili zilionekana kuokoa watu wengi zaidi ya nyingine. Kati ya waliozipata mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, takriban 9 katika kila 10 walipona. Tangu hapo daktari aliweza kusema jambo la kweli lililo tamu pia: njoo mapema, utarudi nyumbani. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kabla ya mlipuko kwisha. Ina maana watu wale, waliosemwa kwamba ni wabishi na wajinga, wengi wao walikubali walipopewa sababu ya kukubali.

Kabla sijamaliza, nirudi huku kwetu mijini, kwa sababu ni rahisi kuisikiliza Beni kama hadithi ya watu wengine. Korona ilipoingia mwaka 2020 simu zetu zilijaa tangawizi, malimau, mvuke na maneno ya kila namna. Nchini Tanzania, kuanzia Mei 2020 hadi katikati ya 2021, Serikali haikuwa ikitoa takwimu mpya za wagonjwa. Sitaki kuifufua hoja hiyo yote leo. Nasema hili tu: penye kimya cha mwenye dhamana, simu ndiyo inayotangaza taarifa ya habari. Mwenye habari za kweli akinyamaza asishangae kwamba nafasi yake imekaliwa.

Nini basi kifanyike? Kwa wenye mamlaka nasema: semeni mapema, semeni na mabaya, na yale msiyoyajua semeni kwamba hamyajui. Anayekiri kosa dogo leo ataaminiwa katika jambo kubwa kesho. Msipeleke askari mahali pa muuguzi. Na muwatibu watu malaria na surua wakati wa amani, ili siku mtakapokuja na jina jipya la ugonjwa sura zenu ziwe zinafahamika.

Kwetu sisi wenye simu mkononi, sitasema msipeleke habari. Binadamu hawezi kuacha kumwonya ndugu yake. Nasema kabla ya kupeleka ujiulize: huyu aliyeniletea ameliona jambo hili kwa macho yake, au naye ameletewa? Na kama nikikosea, nani atalipa? Mama wa Jos aliyeamshwa usiku akanywa chumvi hakuletewa kikombe kile na adui yake.